Anayejua Kuuza Santuri

Santuri ya jazi iliyofyatuliwa Marekani mwaka 1957 inapouzwa leo, mara nyingi mnunuzi hajaishika wala hajaisikia. Yeye yuko Osaka, muuzaji yuko New Jersey, na baina yao kuna picha chache na aya moja ya maneno. Kwa aya hiyo mtu hutoa mamia ya dola, na zipo santuri za Blue Note ambazo kwa aya ya namna hiyohiyo hutolewa maelfu. Anachokinunua hasa ni kauli ya mtu asiyemjua. Ndiyo maana nawaheshimu sana wale wachache wanaoijua kazi hii sawasawa, na ndiyo maana nimekaa jioni nyingi pembeni ya meza ya mmoja wao, namtazama tu anavyofanya.

Ni ami yangu, mtu wa Tanga, aliyekwenda Marekani kusoma akiwa kijana na akabaki New Jersey mpaka akastaafu. Hana duka. Ni mkusanyaji. Rafu zake zimejaa jazi ya miaka ya 1950 na 1960, na kila akipata nakala safi kuliko ile aliyonayo, ya zamani huiuza, nafasi ikapatikana na fedha kidogo zikarudi. Aliondoka Tanga na masikio yaliyolelewa na magitaa ya bendi za huko, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ugenini akakutana na jazi nyingine, ya saksofoni na piano, na hakuiacha tena.

Santuri niliyomkuta nayo mezani mara ya mwisho inatuhusu sote tunaosoma Kiswahili, ingawa wengi wetu hatujapata kuisikia. Ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, ikatolewa na kampuni ya Roulette. Muziki wake ulipangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye kwa maoni yangu hajapewa heshima anayostahili hata robo. Bendi ilikuwa kubwa: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef kwenye saksofoni na filimbi, Ron Carter kwenye besi, Max Roach kwenye dramu, na ngoma za mkono zikapigwa na Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Weston aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha gani ingefaa kuyabeba maneno hayo, wakamwambia Kiswahili. Basi kwenye utangulizi, kabla bendi nzima haijafunguka, inasikika sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akilisoma shairi la Hughes kwa lugha yetu. Sehemu ya mwisho ya upande wa pili inaitwa Kucheza Blues. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hii mwaka 1964.

Ami ana nakala mbili, moja ya mono na moja ya stereo. Ameamua kuiachia ya mono.

Kazi huanza kwa kuitambua santuri yenyewe, na hapo wauzaji wengi huteleza, kwa kuwa hulitazama kava na kuridhika. Kava si kitambulisho. Kava la mwaka 1960 linaweza kuwa limebeba sahani iliyofyatuliwa miaka kumi baadaye, na sahani ya awali kabisa ikawa imevishwa kava la toleo la pili. Ami huliweka kava kando. Huitoa sahani, akasoma lebo zote mbili neno kwa neno, kisha akaigeuzia kwenye mwanga apate kuuona ule ukanda mtupu ulio kati ya mwisho wa mifuo na lebo. Humo kiwandani huchorwa namba ya kalibu. Namba nyingine zimechongwa kwa mkono, zimepinda kidogo, na nyingine zimegongwa kwa muhuri. Hizo ndizo zinazosema sahani hii imetokana na mkato upi wa sahani ya asili.

Shule nzuri ya jambo hili ni santuri za Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ambayo mwenye maono alikuwa Alfred Lion, mhamiaji kutoka Berlin. Fundi wake wa sauti, Rudy Van Gelder, alikuwa mtaalamu wa kupima macho kwa kazi yake ya mchana. Usiku aliwarekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, hadi mwaka 1959 alipohamia studio aliyojijengea Englewood Cliffs. Miji yote miwili iko New Jersey, na ami akipita karibu na huko huinua kidole kunionyesha upande ilipo studio, kila mara, kama kwamba sijawahi kuonyeshwa. Sahani alizozikata Van Gelder mwenyewe zina herufi RVG kwenye ule ukanda mtupu. Zilizofyatuliwa na kiwanda cha Plastylite, nacho cha New Jersey, zina alama ndogo iliyochongwa inayofanana na sikio, ambayo kwa kweli ni herufi P ya mwandiko. Kwenye lebo kuna anwani, na anwani ilibadilika kadiri kampuni ilivyohama: 767 Lexington Avenue, kisha 47 West 63rd, halafu New York, USA peke yake. Kampuni ya Liberty ilipoinunua Blue Note katikati ya miaka ya 1960, kazi ya Plastylite ikakoma na lile sikio likatoweka. Mtu akiyajua haya huweza kuishika sahani isiyo na kava wala bahasha na akaeleza imetoka kipindi gani. Kwenye santuri ya Hank Mobley yenye namba 1568, ya mwaka 1957, wakusanyaji hushindania hata ile namba 23 ya eneo la posta iliyoongezwa baada ya neno New York kwenye lebo. Kwa asiyependa jazi hilo litaonekana jambo dogo mno. Mimi naliona ni aina ya usomaji, tena wa makini kuliko usomaji mwingi wa vitabu ninaoufahamu.

Santuri ya Roulette haina sikio wala haina RVG. Hapo muuzaji mzembe huandika "toleo la kwanza" kwa matumaini, maana neno hilo linapandisha bei. Ami hafanyi hivyo. Huandika rangi na mpangilio wa lebo, akanakili namba ya kalibu ya kila upande herufi kwa herufi, pamoja na mistari na vinukta vyake, akasema kama kuna mduara ulioingia ndani kwenye lebo au hakuna, na akamwachia mnunuzi anayejua afikie uamuzi wake. Nilimuuliza kwa nini asiandike tu kwamba ni ya kwanza, kwa kuwa dalili zote zinaonyesha hivyo.

"Dalili si ushahidi, mwanangu," alisema. "Mimi nitamwandikia dalili. Hukumu aitoe yeye, fedha ni zake."

Kisha huiosha. Hutumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, spiriti kidogo na tone la sabuni isiyo na manukato, na brashi laini inayozunguka kuufuata mfuo, haiukati. Maji machafu huvutwa na mashine ndogo yenye mdomo wa kunyonya, kwa kuwa ukiyaacha yakauke yenyewe, uchafu hurudi palepale chini ya mfuo. Wapo wanaoosha santuri ili ing'ae kwenye picha. Ami huosha ili aone, maana vumbi lililoganda hufanana na mkwaruzo, na mafuta ya vidole huuficha mkwaruzo wa kweli. Santuri haiwezi kupewa daraja kabla haijaoshwa.

Taa yake ni ya mezani, yenye globu moja kali isiyo na kifuniko cha kutawanya mwanga, na taa nyingine zote za chumba huzimwa. Huishika sahani kwa viganja, ukingo kwa ukingo, vidole havigusi mifuo. Huiinamisha mpaka mwanga unatambaa juu ya uso wake, halafu anaizungusha polepole sana. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sahani nyeusi si nyeusi. Iliyochezwa kwa uangalifu hurudisha mwanga mkali, mweusi wa lami mbichi. Iliyolimwa na sindano nzito au iliyochakaa ina ukungu wa kijivu kwenye sehemu zenye kishindo, na ukungu huo hauoshwi na kitu chochote, kwa sababu ukuta wa mfuo wenyewe umekwisha kuliwa. Mikwaruzo myembamba kama nywele, ambayo huletwa na bahasha ya karatasi kila sahani inapoingizwa na kutolewa, huonekana kwa upande mmoja wa mwanga na kupotea kwa upande mwingine. Hiyo mara nyingi haisikiki. Unaotisha ni ule unaoonekana kutoka kila upande. Akiukuta, hupitisha ncha ya kucha juu yake, kwa wepesi ambao huwezi kuuona, ajue kama una kina.

Halafu hutazama kitu ambacho mimi nisingekitazama kamwe: lebo, pembezoni mwa tundu la katikati. Mtu anapoiweka sahani kwenye mashine bila kulenga, ncha ya mhimili hukwaruza lebo kabla haijalipata tundu, ikaacha mistari hafifu ya kung'aa. Ikiwa mingi, sahani ilichezwa sana na watu wenye haraka, au kwenye sherehe, usiku, taa zikiwa chini. Ikiwa michache, mwenyewe alikuwa mtulivu. Sahani inaweza kuoshwa ikapendeza, lakini ile mistari haidanganyi. Nakala ya Uhuru Afrika aliyokuwa nayo ilikuwa na mistari mitatu upande wa kwanza na mmoja tu upande wa pili. Kwa hiyo aliyeimiliki alikuwa akisikiliza zaidi ule upande unaoanza na Kiswahili, na alikuwa na mkono mwema. Nyuma ya kava aliandika jina lake kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa shule, kwenye kona. Mshono wa chini wa kava ulikuwa umefumuka kwa urefu wa kidole gumba. Upande wa pili wa sahani ulikuwa na mkwaruzo mmoja wa mshazari, karibu sentimita mbili, wenye kina.

Baada ya jicho, sikio. Hapa ndipo ninapowapambanua wauzaji. Walio wengi huzipa santuri madaraja kwa kuzitazama tu, na sababu ninaielewa: mwenye sahani elfu mbili za kuuza hana saa za kuzisikiliza zote. Lakini anayeuza moja, kutoka rafu yake mwenyewe, hana udhuru. Ami huisikiliza yote, pande zote mbili, amekaa, penseli mkononi, haongei na mtu. Kwa santuri ya mono ya zama zile huweka sindano ya mono, ambayo ncha yake ni pana kidogo kuliko ya stereo na hukaa kwenye mfuo kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Sauti ya mashine huiweka juu kuliko anavyosikiliza kwa starehe.

Sahani ya LP huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani kila mzunguko huchukua sekunde 1.8. Anayejua hilo husikia makosa kwa namna tofauti na sisi wengine. Mkwaruzo unaokata mifuo kadhaa hugonga kila baada ya sekunde 1.8 bila kukosea, mpaka sindano iuvuke. Vumbi hupasuka ovyo, bila mpangilio. Kasoro ya kiwandani, kwa mfano kipovu kilichonaswa wakati wa kufyatua, hugonga kwa mpangilio uleule wa mkwaruzo lakini kwa mlio mzito, wa chini. Ule mkwaruzo wa mshazari ulipofikiwa, ami alianza kuweka vijistari vya penseli kwenye karatasi, kimoja kwa kila mgoto. Viligota tisa. Vitatu vya mwanzo vilisikika waziwazi, na vilivyobaki vilizama ndani ya ngoma. Aliandika hivyohivyo.

Upande wa kwanza ulinigusa zaidi. Muziki wenye kishindo huficha mengi, lakini sauti ya mtu anayesema juu ya ngoma haifichi chochote. Kila chembe inapasuka katikati ya maneno. Zaidi ya hayo, mwanzo wa upande ndipo sindano ilipoangushwa na kila mtu aliyewahi kuicheza santuri hii kwa zaidi ya nusu karne, kwa hiyo ndipo palipochoka kuliko popote. Sanga alianza kusoma, na nyuma yake kulikuwa na mchakacho mwepesi, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Ami aliinua kidole. Bendi ilipoingia, mchakacho ukamezwa. Aliurudia utangulizi ule, akasikiliza tena tangu mwanzo, kisha akaandika: kelele nyepesi ya uso kwenye maneno ya mwanzo, hakuna kuruka, hakuna kukwama.

Mwishoni mwa kila upande husikiliza jambo jingine. Kadiri sindano inavyokaribia lebo, duara la mfuo linakuwa dogo na mawimbi ya sauti yanabanana kwenye nafasi ndogo, hivyo uchakavu hujitokeza huko kwanza. Tarumbeta zinapopanda pamoja, santuri iliyochoka huzitoa zikiwa na mkwaruo, kama sauti imepasuka ukingoni. Za Terry na Hubbard zilitoka nzima. Hapo niliona uso wake umelegea kwa mara ya kwanza jioni ile.

Yapo madaraja yanayotumiwa na karibu kila mtu kwenye biashara hii, yaliyoenezwa na jarida la Kimarekani la Goldmine. Juu kabisa ni Mint, ambayo haijaguswa. Inafuata NM (Near Mint), kisha VG+ (Very Good Plus), VG (Very Good), na kuteremka mpaka zile zisizofaa ila kwa kujaza pengo rafuni. Sahani hupewa daraja lake na kava lake. Kwa kawaida VG+ huhesabiwa nusu ya thamani ya NM, na VG robo yake, kwa hiyo hatua moja tu ya herufi hubadilisha fedha nyingi, na kishawishi kinakuwa kikubwa. VG+ ndilo daraja linalonyanyaswa kuliko yote. Kila santuri ambayo mwenyewe anaipenda huiita VG+.

Nakala ya ami ilikuwa na utata wa kweli. Kwa jicho, mkwaruzo ule unaushusha upande wa pili hadi VG. Kwa sikio, ukiondoa ile migoto tisa, unasikika kama VG+ iliyo nzuri. Yeye huwa na kanuni moja: daraja rasmi ni lile la chini, na maelezo ndiyo yanayosema habari iliyobaki. Aliandika aya yake kwa Kiingereza, nami naieleza hapa kwa Kiswahili: Upande wa kwanza VG+, mikwaruzo myembamba ya bahasha, haisikiki, kelele nyepesi kwenye maneno ya utangulizi, baada ya hapo tulivu. Upande wa pili VG, mkwaruzo mmoja wa sentimita mbili, unagonga mara tisa, tatu kwa nguvu, haurukishi sindano. Tarumbeta hazina mkwaruo hadi mwisho wa pande zote mbili. Imeoshwa, imechezwa yote kwa sindano ya mono. Kava VG, mshono wa chini umefumuka sentimita sita, jina la mmiliki nyuma, hakuna selotepu, hakuna harufu ya ukungu.

Nilimuuliza, "Ami, mbona hukusema muziki wenyewe ni mzuri kiasi gani?"

"Huyo anayeitafuta anaujua uzuri wake kabla yangu. Mimi namwambia lile ambalo hawezi kulijua akiwa kwake."

Naamini hiyo ndiyo kazi yote. Ukiisoma ile aya tena, hakuna neno hata moja la sifa. Hakuna "nadra," hakuna "ya ajabu," hakuna "usiikose." Kuna sentimita, idadi ya migoto, upande na mahali. Na bado aya ile ina upendo mwingi ndani yake, kwa sababu mtu asiyeipenda santuri hawezi kuisikiliza kwa subira ya kiasi hicho.

Picha hazimchukui muda: kava mbele na nyuma, lebo zote mbili, ule mshono, na ule mkwaruzo ukiwa umewekwa kwenye pembe ya mwanga inayouonyesha vibaya kuliko pembe zote. Bei vilevile. Kwenye Discogs, soko la santuri la mtandaoni, kila santuri ina kumbukumbu ya bei ilizowahi kuuzwa. Husoma hizo, wala hasomi bei ambazo watu wengine wanaomba, kwa kuwa kuomba si kuuza. Huangalia zilizokuwa na daraja kama la yake, akaweka bei katikati, akatoka.

Kufunga mzigo ndiko anakorudi kuwa mpole. Kwanza hufanya jambo ambalo wauzaji wengi wapya hawalijui: huitoa sahani ndani ya kava. Sahani ikiachwa ndani, sanduku likidondoka kwenye ghala la posta, ukingo wake huupasua mshono wa kava kama kisu, na kava lililotoka New Jersey likiwa zima hufika limefumuka. Kwa hiyo sahani huvishwa bahasha mpya yenye utando laini, ikawekwa nyuma ya kava, vyote viwili ndani ya mfuko mmoja wa plastiki. Kisha vipande viwili vya boksi gumu, kimoja mbele na kingine nyuma, na mistari ya ndani ya boksi moja ikatishwe na mistari ya lingine, ili mzigo usikunjike kwa upande wowote. Pembe nne huzijaza karatasi, kwa kuwa pembe ndizo hugonga sakafu. Anatikisa. Kikisikika chochote, anafungua na kuanza upya. Siku za joto kali la Julai hapeleki posta Ijumaa, maana sanduku litalala kwenye gari la chuma mwisho wa juma zima, na plastiki ya santuri ikipata joto hupinda na hainyooki tena kwa uhakika.

Ndani ya sanduku huweka kikaratasi kimoja chenye mwandiko wake: mshono wa chini ulifumuka kabla sijalipata kava hili, tafadhali ingiza sahani polepole. Kwa mtu asiyemjua, nchi nyingine, baada ya fedha kwisha kulipwa. Sijawahi kumwona akikisahau.

Uhuru Afrika iliondoka kwa bei aliyoiomba, kwenda kwa mtu wa Uholanzi. Ujumbe uliorudi ulisema tu kwamba amehesabu migoto na ni tisa kweli. Ami alinisomea, akaingia jikoni kuchemsha chai, na nilimsikia akicheka peke yake kwa furaha.

Nyumba nyingi za Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi bado zina santuri za wazee, kwenye makabati na chini ya vitanda, za huku kwetu na za ng'ambo. Kama zipo kwenu, zisimamisheni wima, msizilaze moja juu ya nyingine, na mziweke mbali na dirisha linalopigwa na jua. Mishono iliyofumuka iacheni kama ilivyo, msibandike selotepu. Zile nzito za zamani zinazokwenda kwa mizunguko 78, zinazovunjika zikidondoka, msizisafishe kwa spiriti hata kidogo, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyushwa nayo. Na mkiamua kuuza, tafuteni kwanza mtu mwenye mashine, mkae naye, mzisikilize mpaka mwisho wa upande wa pili, ndipo muandike.